Umeambiwa kifuko cha Tarlov hakina shida? Njia ya kumfikia bingwa na kusikilizwa

Swali ni lilelile kila mara: MRI imeonyesha kifuko cha Tarlov, daktari amesema hakina shida, lakini kukaa kitini dakika kumi ni adhabu. Niende wapi? Mwongozo huu ni kwa anayeanza kabisa. Mifano mingi ni ya Tanzania, ila hatua zenyewe zinamfaa pia aliye Kenya, Uganda au Rwanda.

Kwanza ujue unashughulika na nini. Kifuko cha Tarlov ni mfuko wa maji ya uti wa mgongo unaojitokeza kwenye mzizi wa mshipa wa fahamu, mara nyingi S2 au S3, ndani ya sakramu, yaani ule mfupa mpana ulio juu ya kifandugu (mizizi ya sakramu huhesabiwa S1 hadi S5, kutoka juu kwenda chini). Ukuta wake una nyuzi za mshipa wenyewe, kwa hiyo siku hizi kwa kawaida hakikatwi na kutupwa kama uvimbe mwingine.

Watu wengi wanacho na hawaumwi. Utafiti mmoja wa mwaka 1994 ulipitia MRI 500 za kiuno na sakramu, ukakuta vifuko kwa watu 23. Kati yao 5 tu ndio walioonekana kuumwa kwa sababu yake. Daktari anayesema "hakina shida" anasema jambo ambalo kwa wagonjwa wengi ni kweli. Kazi yako ni kuonyesha kwamba wewe ni miongoni mwa wale wachache, na hilo halithibitishwi kwa kulia maumivu. Linathibitishwa kwa ulinganifu: dalili, uchunguzi wa mwili na picha vyote vinyooshe kidole kwenye mzizi uleule, upande uleule. Hatua zote zilizo hapa chini zinajenga ushahidi huo.

(Isadore Tarlov mwenyewe alivieleza vifuko hivi mwaka 1938 akiwa Montreal, baada ya kuvikuta kwenye maiti, na wakati huo hakuviona kuwa chanzo cha ugonjwa. Mwaka 1948 alichapisha habari za mgonjwa aliyepona maumivu ya mguu baada ya kifuko kuondolewa. Wapo wanaonukuu Tarlov wa 1938 na kumsahau wa 1948.)

Dharura: usisubiri miadi

Nenda hospitali yenye kitengo cha dharura siku hiyohiyo ukipata lolote kati ya haya: mkojo umegoma kutoka, au unatoka bila wewe kuhisi; ganzi mpya kwenye msamba na sehemu zinazogusa tandiko la baiskeli; haja kubwa inakuponyoka; miguu yote miwili inalegea ghafla. Mizizi ya chini ya mgongo ikibanwa kiasi hicho, saa chache zinaweza kuamua kama kibofu kitarudi kufanya kazi. Sema maneno hayo wazi mapokezini. "Mgongo unauma" kutakuweka kwenye foleni.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Picha zote za MRI kwenye CD au flashi, katika faili za DICOM, yaani picha halisi kama zilivyotoka kwenye mashine. Filamu peke yake haitoshi, na picha ya filamu iliyopigwa kwa simu haifai kabisa.
- Ripoti zote za mionzi, hata zile zinazosema hakuna tatizo.
- Daftari moja kwa ajili ya dalili.
- Jagi lenye alama za mililita, kwa kupima mkojo.
- Orodha ya dawa ulizotumia: jina, kipimo, muda, zilisaidia nini, uliacha kwa nini.
- Kadi ya bima na kitambulisho chenye majina yanayofanana herufi kwa herufi. Tofauti ya herufi moja imewarudisha wengi nyumbani.
- Mtu mmoja wa kukusindikiza anayeweza kuandika haraka.

Hatua ya 1: Andika dalili kwa siku 14

Kila siku andika mambo manne: unakaa dakika ngapi kabla ya kulazimika kuinuka, unasimama dakika ngapi, maumivu ni mangapi kwa kipimo cha 0 hadi 10, asubuhi na jioni, na ni nini kilichoyapunguza. Maumivu ya kifuko kwa kawaida huongezeka mtu akikaa, akisimama muda mrefu, akikohoa, akipiga chafya au akijikamua chooni, maana shinikizo la maji ya uti wa mgongo hupanda. Hupungua akilala, hasa kwa ubavu.

Chora umbo la mwili kwa nyuma, kisha tia rangi mahali panapouma na alama tofauti mahali penye ganzi. Kwa jumla, S1 huenda nyuma ya mguu hadi ukingo wa nje wa unyayo, S2 nyuma ya paja, na S3 hadi S5 kwenye msamba, sehemu za siri na kuzunguka njia ya haja kubwa. Mchoro huo daktari huusoma kwa sekunde tano. Maelezo ya mdomo ya nusu saa humchanganya.

Kwa siku tatu ndani ya hizo 14, pima mkojo: saa, mililita, na kama ulisubiri au kujikamua ili utoke.

Usione haya. Maumivu wakati wa tendo la ndoa, ganzi sehemu za siri, uume kushindwa kusimama, msisimko unaokuja bila kutaka: haya yote ni dalili za mizizi ya S2 hadi S4, na mara nyingi ndiyo yanayotenganisha kifuko na tatizo la kawaida la diski (gegedu kati ya pingili na pingili). Ukiyaficha, umeficha ushahidi wako mzito kuliko wote. Ukishindwa kuyasema, yaandike na umpe daktari karatasi. Mwanamke anaweza kuomba daktari wa kike, au muuguzi awepo chumbani.

Hatua ya 2: Pata picha inayoonyesha sakramu yote

Hapa ndipo wengi hukwama bila kujua. MRI ya kawaida ya kiuno hupigwa kwa ajili ya diski. Picha za kukata kwa upana huishia L5/S1, pale pingili ya mwisho ya kiuno (L5) inapokutana na sakramu, na sakramu huonekana nusu tu kwenye picha za pembeni. Kifuko cha S3 kinaweza kukosekana kabisa, au kuonekana kama doa jeupe pembezoni ambalo hakuna aliyeliandika.

Mwombe daktari aandike kwenye fomu "MRI ya sakramu", pamoja na sababu: maumivu ya sakramu na msamba, shaka ya kifuko cha mzizi. Maelezo yanayofaa ni haya (T1, T2 na STIR ni aina za picha za MRI):

- Picha za pembeni za T1 na T2, kutoka L4 hadi ncha ya kifandugu.
- Picha za kukata kwa upana za T2, kutoka L5 hadi S4, unene wa milimita 3 hadi 4, bila kuruka sehemu kati ya diski na diski.
- Picha za mbele zinazofuata mlalo wa sakramu, T2 au STIR.

Dawa ya kuongeza mwanga mara nyingi haihitajiki kuona kifuko, lakini mtaalamu wa mionzi anaweza kuitaka mara ya kwanza ili kutofautisha kifuko na uvimbe wa mshipa wa fahamu. Kama una betri ya moyo au chuma mwilini, sema kabla ya kuingia. Na usitoke kituoni bila CD. Kuirudia wiki mbili baadaye ni safari nyingine na pengine malipo mengine.

Hatua ya 3: Isome ripoti, kisha uombe isomwe upya

Ripoti zetu huandikwa kwa Kiingereza. Tafuta maneno "Tarlov cyst" au "perineural cyst", halafu angalia kama yafuatayo yametajwa: mzizi gani, upande gani, ukubwa kwa milimita, kama mfupa umemomonyoka kwa kusukumwa, na kama mzizi wa jirani umebanwa. Ripoti inayosema tu kuna vifuko vilivyoonekana kwa bahati haina cha kumsaidia bingwa.

Rudi kituo kilichopiga picha na uombe nyongeza ya ripoti yenye mambo hayo matano. Ni ombi la kawaida; likiandikwa na daktari wako hujibiwa haraka zaidi. Madaktari wengi wa upasuaji hutilia maanani zaidi vifuko vinavyozidi sentimita 1.5, ingawa kidogo kilichokaa pabaya nacho huumiza.

Onyo kwa wanawake: utrasaundi ya nyonga imewahi kukiona kifuko kikubwa cha sakramu na kukiita uvimbe wa ovari. Ukitajiwa uvimbe wa ovari na huku sakramu inauma ukikaa, omba MRI kabla ya mtu yeyote kuingiza sindano au kisu.

Hatua ya 4: Ondoa magonjwa mengine kwanza

Bingwa atauliza, na ukiwa na majibu umeokoa miezi. Kwa mazingira yetu, la kwanza ni kifua kikuu cha mgongo: homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito, kikohozi au mtu mwenye TB nyumbani. Kwa wafugaji na wanywaji wa maziwa mabichi, brusela. Kisha diski, kiungo kati ya sakramu na nyonga, uvimbe kwenye kizazi na endometriosi, tezi dume kwa wanaume, na mshipa wa pudenda (mshipa wa fahamu wa msamba) unaobanwa kwenye nyonga. Kuwa na kifuko hakukuzuii kuwa na ugonjwa wa pili, na kuna watu waliofanyiwa upasuaji wa kifuko wakati kilichouma ni kingine.

Hatua ya 5: Uchunguzi wa mwili na vipimo vya mishipa

Omba uchunguzi uliokamilika angalau mara moja, na uandikwe kwenye faili: kutembea kwa visigino na kwa vidole, kugongwa kifundo cha mguu kwa nyundo, kuguswa kwa pini kwenye msamba, na nguvu ya misuli ya njia ya haja kubwa. Viwili vya mwisho ndivyo huachwa, na ndivyo vinavyopima S3 na S4.

Mabaki ya mkojo ni rahisi kupima: utrasaundi ya kibofu mara tu baada ya kukojoa. Yakizidi mililita 200, daktari aelezwe siku hiyohiyo. Kipimo kamili cha shinikizo la kibofu hufanywa na kitengo cha mkojo kwenye hospitali kubwa.

Kuhusu kipimo cha umeme wa mishipa, jihadhari na tafsiri. Kikipimwa miguuni tu hakigusi S3 wala S4. Majibu mazuri hapo hayamaanishi mizizi ya chini ni mizima.

Hatua ya 6: Andika muhtasari wa ukurasa mmoja

Usizidishe ukurasa. Mfano:

*Mwanamke, miaka 41. Maumivu ya sakramu kulia, miezi 26. Hukaa dakika 10, husimama dakika 20. Hupungua akilala kwa ubavu. Ganzi ya msamba kulia, miezi 8. Mkojo huchelewa kuanza. Mabaki mililita 120. MRI ya sakramu: kifuko S2 kulia, milimita 22 kwa 18, mfupa umemomonyoka. TB na magonjwa ya kizazi yamechunguzwa, hakuna. Dawa: amitriptilini, miezi 4, nafuu kidogo, diklofenaki, hakuna nafuu. Swali: je, kifuko hiki ndicho chanzo, na kipimo gani kitathibitisha?*

Mstari wa mwisho ndio unaofanya kazi. Ukiuliza "nisaidieni" utapewa dawa ya maumivu. Ukiuliza swali lenye jibu utajibiwa. Kwa hospitali ya nje ya nchi, andika pia kwa Kiingereza.

Hatua ya 7: Pata rufaa kwenda kitengo sahihi

Unamtafuta daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo, uti wa mgongo na mishipa ya fahamu. Bingwa wa mifupa peke yake mara nyingi hatoshi. Tanzania, kituo kikuu ni Taasisi ya Mifupa MOI, Muhimbili. Hospitali za rufaa za kanda kama Bugando, Mwanza, na KCMC, Moshi, ni mahali pa kuanzia kwa walio mbali na Dar es Salaam. Kenya, anza na Kenyatta, Nairobi, au hospitali ya Moi, Eldoret. Uganda ni Mulago, Kampala.

Fuata ngazi. Ukiruka kutoka zahanati hadi taifa bila fomu ya rufaa, bima inaweza kukataa kulipa. Hakikisha fomu ina utambuzi ulioandikwa kwa jina, "kifuko cha Tarlov chenye dalili, S2 kulia", badala ya "maumivu ya mgongo". Kwa maneno hayo ya pili utapelekwa fiziotherapia na mzunguko unaanza upya. Kibali cha bima cha MRI omba kabla ya siku ya kipimo. Kenya, SHA (mamlaka mpya ya bima ya afya) ilichukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima, Oktoba 2024, kwa hiyo usajili wa zamani peke yake hautoshi.

Hatua ya 8: Siku ya kliniki

Toa muhtasari na mchoro kwanza, CD baadaye. Una dakika chache. Uliza haya:

1. Dalili zangu zinalingana na mzizi wenye kifuko? Kama hazilingani, ni ipi isiyolingana?
2. Kipimo gani kingekubadilisha mawazo?
3. Umewahi kutibu vifuko hivi? Kama bado, nani unayeweza kumtumia picha zangu?

Swali la tatu liulize kwa upole. Bingwa wa mgongo anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kufungua kifuko hata kimoja, na si aibu yake. Anayekubali kuandika barua kwa mwenzake ana thamani kuliko anayejifanya anajua.

Hatua ya 9: Kabla ya kukubali sindano au upasuaji

Dawa huja kwanza: gabapentini, pregabalini au amitriptilini, kwa kipimo cha daktari. Usiziache ghafla. Diklofenaki ya kila siku kwa miezi huharibu figo na tumbo, na sindano za tako zisizoisha zinaweza kujeruhi mshipa mkubwa wa mguu.

Kunyonya maji ya kifuko kwa sindano, mtaalamu akiongozwa na picha za CT, ni kipimo zaidi kuliko tiba. Maumivu yakishuka kwa saa au siku kadhaa kisha yakarudi, hiyo ni hoja kwamba kifuko ndicho mkosaji, ila maji hurudi. Baadhi ya vituo vya nje huongeza gundi ya fibrini ili yasirudi, na gundi hiyo ikivuja inaweza kuleta muwasho wa utando wa uti wa mgongo. Upasuaji hufungua mfupa nyuma ya sakramu na kukisinyaza kifuko huku nyuzi za mshipa zikilindwa. Hatari zake ni kuvuja maji ya uti wa mgongo, maambukizi, ganzi mpya, kibofu kuzidi kudhoofika, na kifuko kurudi. Mishipa hupona polepole; hesabu miezi, pengine mwaka na zaidi.

Muulize daktari wa upasuaji: amefanya wangapi, hufanyaje na ukuta wa kifuko, anazuiaje kuvuja, na nani atakuangalia ukirudi nyumbani. Achana na anayeahidi kupona asilimia mia, anayetaka amana kabla ya kuona DICOM, au anayependekeza kuunganisha pingili kwa vyuma bila kueleza vyuma hivyo vinahusiana vipi na kifuko.

Kwa India au kwingineko, tuma muhtasari na picha hospitali mbili au tatu na ulinganishe majibu. Viza ya matibabu huhitaji barua ya hospitali. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chukua kiti cha njiani kwenye ndege ili uinuke kila baada ya muda mfupi, na bajeti iwe na wiki za ziada, maana uvujaji ukitokea hutapanda ndege ya kurudi siku uliyopanga. Rufaa ya nje kwa gharama ya serikali hupitia hospitali ya taifa na Wizara ya Afya. Usikate tiketi kwanza ukitarajia kurudishiwa.

Makosa yanayogharimu

Kukandwa kwa nguvu na kukanyagwa mgongoni hakutoi maji kwenye kifuko, na mara nyingi maumivu huamka kwa wiki nzima. Kubadilisha hospitali kila mwezi bila faili kunakurudisha mwanzo kila mara. Na ukipangiwa ganzi ya mgongo, mfano kwa kujifungua kwa upasuaji, mwonyeshe mtaalamu wa usingizi MRI mapema. Sindano ya kawaida huchomwa juu ya sakramu, lakini ile inayoingia kupitia mwanya wa chini, karibu na kifandugu, inaweza kukutana na kifuko.

Mambo yakikwama

*CD haifunguki.* Kompyuta nyingi za sasa hazina sehemu ya CD. Nakili folda nzima kwenye flashi, bila kuchagua faili, kisha ufungue kwa programu ya bure kama Weasis, au Horos kwa Mac. Jaribu nyumbani kabla ya kwenda kliniki.

*Daktari anasema ni mawazo.* Usibishane. Omba aandike kwenye faili kwamba amepima msamba na kibofu na alichokuta. Aidha atapima, aidha utakuwa na sababu ya maoni ya pili. Ukipelekwa kwa mtaalamu wa afya ya akili, nenda. Maumivu ya miaka huleta sonona kweli, na barua yake inayosema sonona imefuata maumivu ni ushahidi upande wako.

*Bima imekataa.* Taka sababu kwa maandishi. Mara nyingi ni utambuzi ulioandikwa vibaya au kibali kilichoombwa baada ya kipimo. Barua ya daktari yenye kipimo cha mkojo na ukubwa wa kifuko hufungua mlango kuliko malalamiko.

*Safari ya basi inakuvunja.* Uliza kama hospitali ya kanda inaweza kufanya mashauriano kwa video na hospitali ya taifa, au subiri kambi ya madaktari bingwa mkoani kwako. Ukilazimika kusafiri, gawanya safari kwa siku mbili na ulale kwa ubavu kila unapopata nafasi.

*Vifuko ni vingi, pande zote mbili.* Hapo ulinganifu ni mgumu. Mchoro wa mwili uwe na tarehe, na kipimo cha kunyonya maji kifanywe kifuko kimoja kwa wakati mmoja, kuanzia upande unaouma zaidi.

*Una ujauzito.* Usianze wala kuacha dawa yoyote ya mishipa bila daktari. MRI bila dawa ya kuongeza mwanga inaweza kufanywa ikihitajika. Maamuzi ya upasuaji kwa kawaida hungoja hadi baada ya kujifungua, isipokuwa zile dalili za dharura zijitokeze.